"Toff" ni heshima au tusi? Nahisi nimemkwaza mgeni

Asali ya Miombo, Tabora
Wakuu, naomba msaada wa lugha. Nauza asali karibu na stesheni. Wiki iliyopita walipita Waingereza wawili wakitokea Kwihara, kwenye ile nyumba ya Livingstone. Mama akamwonyesha mwenzake, akacheka: "He's a toff." Nikajua ni bwana mkubwa. Jana yule baba karudi peke yake, nikampokea kwa heshima zote: "Welcome, toff!" Akanyamaza. Akalipa lita 2, akaondoka. Tangu jana sina raha. Nimemtukana?

Mwana Ujiji
Usijali mkuu. Toff ni tajiri tu, kama pedeshee.

Mwalimu wa Isevya
Hapana, Mwana Ujiji. Pedeshee anamwaga hela ukumbini. Toff anaweza kuwa hana hata senti. Toff ni ukoo: matamshi, shule aliyosoma, mashamba ya babu yake. Inasemekana limetokana na "tuft", kile kishada cha dhahabu walichovaa kofiani wanafunzi wa Oxford wa koo zenye vyeo. Na sisi wa Tabora tusipate tabu kuelewa hili. Shule yetu ya wavulana ilipoanza miaka ya 1920 ilikuwa ya watoto wa watemi, na mwanangwa hata akifilisika bado ni mwanangwa.

Mwenye hela asiye na ukoo, tuseme mcheza mpira, huyo ni "minted", kama vile katoka kunakopigwa sarafu. "Posh" ndiyo kishua yetu: mtu wa kishua, mtaa wa kishua, hata sauti ya kishua.

Sasa wewe, kijana wangu. Yule mama alimtania mtu wake. Toff husemwa mtu akiwa hayupo, au kati ya waliozoeana. Ukimwambia usoni mtu usiyemjua, anasikia "we unajiona". Si tusi la nguoni, ila umemchoma.

Asali ya Miombo, Tabora
Shikamoo mwalimu. Roho imeniuma zaidi, maana alikuwa mpole sana. Kesho atapitia chupa 3 kabla ya treni. Nimwambieje?

Mwalimu wa Isevya
Marahaba. Mwombe radhi kabla hujapima asali, umwambie neno ulilisikia kwa yule mama na maana yake hukuijua. Kisha muulize jina lake, umwite hilo.