Nataka kuhama mtandao ila namba nibaki nayo, naanzia wapi?

Wakuu habari zenu. Namba yangu ninayo mwaka wa 11 huu, wateja wanayo, benki wanayo, mama anaijua kwa kichwa. Ila mtandao wenyewe umenichosha, ndani sisikiki mpaka nisogee dirishani. Nataka kuhamia kampuni nyingine na namba ileile. Nianze kwa kuifunga laini ya zamani au? Na nitakaa bila kupatikana muda gani?

Jibu 1:
Mkuu usiifunge kabisa!! Hapo ndo watu wanapotezea namba. Laini iwe hewani mpaka uhamisho ukamilike, ukiifunga kabla namba inabaki kwa kampuni na kuirudisha ni mbinde. Kwa kawaida unaanzia kule unakohamia, wao ndo wanaiomba. Na majina yafanane na ya usajili, mimi ombi langu lilirudishwa mara 2 kisa herufi moja kwenye jina la katikati, nilichoka.

Jibu 2:
Naongezea, kinachohama ni namba tu. Salio, bando na majina uliyoseva kwenye laini vyote vinabaki huko, kama una hela kwenye akaunti ya simu itoe kwanza. Pia usihame siku unayosubiri malipo maana meseji za benki zenye namba za siri zinaweza kuchelewa, unabaki umekwama.

Jibu 3:
Muda unategemea nchi. Nilivyokuwa Uingereza nilituma neno PAC kwenda 65075 nikapewa msimbo unaodumu siku 30, nikawapa kampuni mpya, siku ya kazi iliyofuata namba ikahama. Marekani wanataka namba ya akaunti yako kwenye kampuni ya zamani na PIN yake (siyo ya benki), na deni halizuii kuhama, ila kuna nchi deni linazuia kwahiyo lipa kwanza. Laini ya zamani ikikata mtandao ghafla ndo imehama hiyo, weka mpya, zima simu uwashe. Na simu yenyewe iwe haijafungwa kwa mtandao mmoja, vinginevyo laini mpya haitasoma.

Muuliza:
Asanteni sana, mmeniokoa maana kesho nilikuwa naenda kuifunga. Sasa laini ilisajiliwa kwa jina la mzee, inakuaje?

Jibu 1:
Badilisha usajili huko huko uliko sasa, nenda na mzee mwenyewe na kitambulisho chake. Jina lako likishasoma ndo uombe kuhama.