Naomba ushauri: "sensible shoes" ni viatu vya namna gani?

Mtafsiri wa Unguja:
Ndugu zangu, natafsiri mwongozo wa wafanyakazi wa hoteli moja hapa Zanzibar, na nimekwama kwenye sentensi inayowataka wahudumu wavae "sensible shoes" kazini. Katika rasimu ya kwanza niliandika "viatu vya busara", mke wangu akaisoma na kuniuliza kama viatu hivyo vitakuwa vinatoa nasaha. Je, kivumishi hiki kikisifu viatu huwa na maana gani hasa?

Binti Tanga:
Shemeji amekuokoa, kaka. Busara inayotajwa hapo ni ya mvaaji, si ya kiatu: ni mtu aliyekumbuka kwamba atashinda amesimama akibeba sinia, akachagua kiatu imara chenye kisigino kifupi, soli isiyoteleza, kinachokaa mguuni bila kubana, na mchuchumio akauacha nyumbani. Katika mwongozo usihangaike kutafuta neno moja. Taja sifa zenyewe, kwa sababu mhudumu aliyeandikiwa "viatu vinavyofaa" anaweza kuja na kandambili akajitetea kwamba kwake yeye zinafaa, na kusema kweli hutakuwa na la kumjibu.

Mwana Lubumbashi:
Sisi tuliosoma kwa Kifaransa neno hili hututega, kwani kule huandikwa vilevile lakini humaanisha mtu au kitu chepesi kuumia. Kwa miaka mingi niliamini kwamba ni viatu vya watu wenye miguu dhaifu.

Mzee wa Kamusi:
Kwenye riwaya, mjihadhari. Mwandishi wa Kiingereza akimvika mhusika viatu hivi, hasa mwanamke wa makamo, mara nyingi hudokeza kwamba mtu huyo hana habari na fasheni, na ndani yake huwa na kejeli kidogo. Hapo mimi ningeandika "viatu visivyo na makuu". Kejeli hiyo haimo katika mwongozo wa hoteli.

Mtafsiri wa Unguja:
Nawashukuru nyote. Nimeandika: "Mhudumu avae viatu vya kufunika vidole, vyenye kisigino kifupi na soli isiyoteleza." Vidole nimeviongeza baada ya kumuuliza meneja, ambaye alikubali kwa sababu ya visu na mafuta ya moto jikoni. Mke wangu amesoma tena, na safari hii hakucheka. Ameuliza tu mbona soksi hazikutajwa.