Nimpeleke binti yangu akaone Spirited Away ukumbini, au asubiri akue?

Habari zenu wadau. Niko London na familia. Jumamosi hii ukumbi wa sinema jirani na kwetu unaonyesha tena Spirited Away, ile katuni ya Kijapani ya Hayao Miyazaki ya mwaka 2001 iliyochukua Oscar 2003. Binti yangu ana miaka 7, na tangu aone bango lake hanipumzishi.

Mimi niliiona zamani kwenye DVD. Kinachonitia wasiwasi ni pale mwanzoni: Chihiro, mhusika mkuu, naye mtoto tu wa miaka 10, anarudi na kukuta baba na mama wamegeuka nguruwe, bado wanabugia chakula. Kwenye TV ndogo ya sebuleni nilishtuka mtu mzima. Sembuse pazia kubwa, gizani? Huyu wangu hata chooni usiku lazima asindikizwe.

Halafu saa kumi wanaweka yenye sauti za Kiingereza, saa moja usiku ya Kijapani yenye maandishi chini. Kusoma bado anafuatisha kwa kidole, ila mimi roho inataka ya Kijapani. Na ni dakika 125!

Mliowahi kwenda na watoto wa umri huu, walifika mwisho? Mama yake anasema tuchukue siti za karibu na mlango.