Naombeni ushauri: nijiandikishe kupiga kura ya meya wa London?

Wakuu habari zenu. Niko London mwaka wa pili sasa, kwa viza ya kazi, na pasipoti yangu ni ya Tanzania. Barua ya halmashauri ya kujiandikisha kupiga kura imekaa juu ya friji wiki ya tatu, tayari ina doa la chai. Nilidhani imekosea mlango, kumbe raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anaruhusiwa kupiga kura.

Kwetu Dar nimezoea meya kuchaguliwa na madiwani, sisi tunasikia tu redioni. Hapa tangu 2000 wananchi wanamchagua wenyewe. Zamani uliweka alama mbili, chaguo la kwanza na la pili. Asipopatikana wa kuzidi nusu, wawili wa juu wanabaki, wanagawiwa zile kura za chaguo la pili. Mwaka 2024 wakaja na alama moja tu, mwenye nyingi kachukua. Sadiq Khan alishinda hivyo bila kufika nusu. Mimi ule wa zamani naona ulikuwa na haki zaidi, ila hayo tuyaache.

Ninachoomba, hasa kwa mliowahi kupiga: kituoni pasipoti yetu walipokea bila maswali? Na je, kujiandikisha kunagusa chochote kwenye uraia wangu wa Tanzania? Mke wangu anasema nisiguse kabisa hiyo barua.