Nyumba za Shela zinazofungwa zaidi ya nusu mwaka: tuwatoze wenyewe kodi zaidi?

Msana_wa_Pili
Assalaam alaykum. Naleta hoja, msinirushie mawe kabla hamjasoma. Pita Shela yetu, kisiwani Lamu, mwezi wa tano, kusi limekaza na hoteli zimefunga. Vichochoro vya nyuma ya Msikiti wa Ijumaa ni kufuli baada ya kufuli. Wenyewe wako Ulaya au Nairobi, watakuja Desemba. Nyumba hizi hazikujengwa hivyo. Binti akiolewa hupandishiwa ghorofa juu ya wazazi wake, wikio (daraja la ghorofani) likavushwa juu ya kichochoro mpaka kwa dadake, na mtaa mzima ukawa ni ukoo mmoja. Leo kijana wa Shela akitaka kuoa anaenda kutafuta kiwanja mitaa mipya ya Wiyoni au Kashmiri, kuta za bloku na bati juu. Swali langu ni hili: kaunti itoze kodi mara mbili nyumba ya mawe inayokaa tupu zaidi ya nusu mwaka, ndiyo au siyo?

Pwani_Halisi
Siyo. Hawa hawakuvamia, tumewauzia sisi. Pesa tumekula, sasa twalia. Mgeni njoo mwenyeji apone. Mwaka 2011 yule mama wa Kifaransa aliponyakuliwa na watekaji kisiwa cha jirani, Manda, wageni walikimbia wote. Likaja shambulio la Mpeketoni 2014 na amri ya kutotoka usiku. Mnakumbuka tulisema nini miaka ile? Tulisema "warudi". Wamerudi, mwataka kuwatoza.

Mkwezi_Mstaafu
Tumekula nani? Mimi sikula. Sema wewe ulikula.

Pwani_Halisi
Mzee wangu, "tumekula" ni namna ya kusema.

Mkwezi_Mstaafu
Sema namna nyingine.

Dau_la_Mashariki
Tatizo kubwa ni serikali kuwapa wazungu hati za milele. Wajukuu zao watarithi Shela, wetu watakuwa wapishi wao.

Wakili_Bila_Joho
Hapana hati ya milele. Katiba ya 2010, Ibara ya 65: asiye raia anashika ardhi kwa mkataba wa kukodi tu, usiozidi miaka 99. Hata ukimwandikia zaidi, sheria inaihesabu 99. Na kampuni haihesabiwi kuwa raia mpaka iwe ya raia watupu.

Dau_la_Mashariki
Miaka 99 si milele? Wewe utaishi mingapi?

Wakili_Bila_Joho
Sijakataa kwamba ni mirefu. Nasema tuzungumze sheria iliyopo. Na kabla ya mzungu, tazameni mirathi. Nyumba moja, warithi kumi na wanne: mmoja Mombasa, wawili Jeddah, mmoja hamjui yuko wapi. Kila mmoja ana fungu lake kwa mujibu wa sharia, na hakuna mwenye uwezo wa kuwanunulia wenziwe mafungu yao. Paa linaanza kuvuja, hakuna wa kulipia boriti. Akija mtu na pesa taslimu, ndugu wote watatia saini kabla ya alasiri. Mnunuzi wa nje huja mwisho kabisa wa hadithi hiyo. Wazee walikuwa wakiweka nyumba wakfu kwa ajili ya kizazi chao ili isigawanyike. Ni wangapi hapa wamefanya hivyo karibuni?

(Najua hili halitajibiwa.)

Mwamu_Cardiff
Kaka Msana, umenena. Nipo Wales, na huku ugomvi ni huu huu: vijiji vya pwani, nyumba za likizo zimefungwa majira ya baridi, vijana wanaozungumza Kiwelsh hawapati pa kukaa, lugha inasinyaa. Tangu Aprili 2023 halmashauri zinaruhusiwa kuongeza kodi hadi asilimia 300 kwa nyumba za pili. Gwynedd waliongeza asilimia 150. Wenye nyumba wamepiga kelele sana, lakini kodi inakusanywa.

Pwani_Halisi
Wa Cardiff naye! Nyumba ya babako huku Lamu, mtaa wa Mkomani, anakaa nani, shekhe? Mimi hupita pale. Kufuli limeota kutu, mpera umetokea ukutani. Ikija hiyo kodi, uanze kulipa wewe.

Mwamu_Cardiff
Kuna mlinzi pale.

Pwani_Halisi
Paka si mlinzi.

Kahawa_Tungu
😂😂 Uzi umeisha, tufunge tuondoke.

Msana_wa_Pili
Tusitukanane. Na hasa Pwani_Halisi ametaja jambo la maana: nyumba tupu si za wageni peke yao. Nyingi za Mkomani ni zetu, wenyewe wako Mombasa na Ghuba. Kodi iwe kwa nyumba tupu, isiangalie rangi ya mwenye nyumba. Hilo mwalionaje?

Langoni_Damu
Mimi naona mnaipa Shela ukubwa isiokuwa nao. Mji ni Amu, Lamu yenyewe. UNESCO mwaka 2001 waliandika Mji wa Kale wa Lamu, hawakuandika Shela. Shela ni mtaa wetu wa kwenda kuogelea. Mzungu akae huko, atuachie mui (mji) wetu.

BintiShela
Mtaa wa nani? Rudia.

Langoni_Damu
Wetu. Tangu lini Shela ikawa mji?

BintiShela
Tangu wazee wetu walipohama mji wa Takwa, ambao sasa ni magofu huko Manda, karne ya 17, wakavuka na Kurani zao na majina yao ya koo. Hadi leo sisi ndio tunaokwenda Takwa kuzuru na kuomba mvua kwenye kaburi la mnara. Nyinyi mwaenda kupiga picha. Msikiti wetu wa Ijumaa ni wa 1829, na mnara wake mmeuchapisha kwenye kila kalenda ya "Lamu". Mkitaka picha, Shela ni Lamu. Mkitaka heshima, Shela ni mtaa.

Langoni_Damu
Dada, poa. Lakini mlivuka mkaja kwenye kisiwa cha nani, mkapewa ruhusa na nani? Mlikaribishwa. Na Wamazrui wa Mombasa na watu wa Pate walipokuja kutupiga 1812 au 1813, vita vikaitwa vya Shela kwa sababu walishukia kwenu, waliopigana ni Waamu. Maji yakapwa, majahazi yao yakakaa mchangani, wakamalizwa pale pale. Baada ya hapo ndipo tukajengewa ngome. Ngome iko wapi? Shela?

BintiShela
Ngome ilifanywa jela mpaka miaka ya themanini. Jivunieni.

Mkwezi_Mstaafu
Wazee wa Shela walipigana vile vile, kijana. Usipunguze historia kwa sababu ya utani. Babu alikuwa akisema mifupa ilionekana mchangani miaka mingi baadaye.

Langoni_Damu
Ami, mimi sijawavunjia heshima. Nimesema mtaa. Langoni pia ni mtaa.

BintiShela
Langoni ni mtaa kweli.

Kahawa_Tungu
Moto!

Fundi_Chokaa
Naomba nafasi, nimetoka kazini. Kazi yangu ni chokaa: kupanga magogo, kuchoma mawe ya baharini, kuizima, kuilaza, kisha kupaka na kuchonga zidaka (vishubaka vya ukutani). Kwa ukweli wa Mungu, anayeniita ni mgeni. Mwenyeji anaponiita, ananiambia "weka simiti, itashika haraka". Simiti juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe ni balaa. Ukuta hauwezi kupumua, unyevu unabaki ndani, baada ya misimu michache plasta inabanduka na jiwe. Nina vijana wanaojifunza kwangu, na mshahara wao unatoka kwenye hizo nyumba mnazotaka kuzitoza. Watozeni, lakini mseme pia nani atawaita hawa vijana kazini.

Dau_la_Mashariki
Fundi, simiti usiitukane. Nyumba yangu ni ya simiti na iko imara.

Fundi_Chokaa
Yako ni ya bloku, ndugu yangu. Nimesema matumbawe.

Dau_la_Mashariki
Basi ungesema hivyo. Na chokaa yenu imepanda bei mno, tuseme ukweli. Mwenyeji atakuitaje?

Fundi_Chokaa
Magogo yamepanda. Nikachome kwa karatasi?

BintiShela
Mimi nina la kumwambia fundi, kwa heshima. Kazi yako nzuri, nimeiona. Lakini hao hao wanaokuita wakishamaliza zidaka za chini wanataka ghorofa ya tatu na ya nne, paa la makuti, viti vya kuotea jua. Kutoka kule juu wanaona ndani ya viwanda vyetu, yaani nyua za ndani ya nyumba. Nyumba yetu ilijengwa njia ya mlangoni ikate kona ili mpita njia asione ndani, na kiwanda kiko katikati ili mama aketi kichwa wazi. Sasa mama anaanika nguo kwa buibui, kwake mwenyewe, kwa sababu kuna mtu na kamera juu. Ukuta umerejeshwa vizuri kabisa, lakini kazi ya ukuta haipo tena. Hapo urithi ni upi?

Langoni_Damu
Lakini hiyo kaburi ya Takwa, si mnara wake umepigwa chokaa upya? Nani alilipa?

BintiShela
Nimezungumza habari ya mamangu, wewe warudi Takwa.

Langoni_Damu
Wewe ndiye uliyeianza.

Wakili_Bila_Joho
Urefu wa jengo ni suala la kibali cha ujenzi. Dada BintiShela ana hoja nzito kuliko zote humu, na inaweza kufuatwa leo bila sheria mpya ya kodi. Paa lisilotazama kiwanda cha jirani ni sharti la kuandikwa kwenye ramani kabla jiwe la kwanza halijalazwa.

Pwani_Halisi
Vibali vya kaunti! Wakili, wewe bado waamini.

Mkwezi_Mstaafu
Mumesahau maji. Ile michanga ya Shela, vile vilima, ndiyo chujio letu. Mvua inazama pale, na visima vinavyonywesha Amu vinatoka chini yake. Watu wamejengea mpaka kwenye miguu ya michanga, na bwawa la kuogelea juu. Wazee hutwambia Takwa ilihamwa maji yalipoingia chumvi. Sijui kama vitabu vyasema hivyo, lakini kisima cha chumvi nimekionja mwenyewe, si mai (maji) ya kunywa.

BintiShela
Ahsante ami. Na hao watu wa Takwa walikwenda wapi? Shela. Si mtaa.

Langoni_Damu
Subhanallah, hata mai mmeyageuza kuwa Takwa.

Mwamu_Cardiff
Hapo nakubaliana na mzee. Mwenye bwawa alipe maji zaidi, iwe nyumba tupu au ina watu. Huku kwetu kila nyumba...

Pwani_Halisi
"Huku kwetu"! Mmemsikia?

Mwamu_Cardiff
Nimezaliwa Mkomani na nitazikwa Mkomani, in shaa Allah.

Pwani_Halisi
Amina. Ukija uje na ufunguo.

Msana_wa_Pili
Jamani, niliuliza kodi. Ndiyo au siyo? Nimehesabu majibu, aliyejibu kwa neno moja ni Pwani_Halisi.

Dau_la_Mashariki
Mimi ndiyo, kwa wazungu. Kwa sisi, siyo.

Wakili_Bila_Joho
Hiyo itaanguka mahakamani siku ya kwanza.

Dau_la_Mashariki
Basi ndiyo kwa wote, lakini sisi tusamehewe.

Fundi_Chokaa
Anayelipia ukarabati wa chokaa apunguziwe, hata akiwa hakai. Anayeweka simiti atozwe mara tatu.

Dau_la_Mashariki
Hili la simiti ni la kunilenga mimi.

Langoni_Damu
Kodi ndiyo. Ikusanywe Amu, kwenye makao makuu, maana Shela ni mtaa. Na hata ziyara ya Takwa, mashua mwakodi kwetu.

BintiShela
Mashua gani? Mkondo wa Takwa hauingiliki mpaka maji yajae, na manahodha wanaoujua ni wa kwetu. Nyinyi hata Shela mwangoja maji yapwe mje kwa miguu.