Mrejesho: viraka vya maua vimekubali kupangika

Assalaam aleikum. Niliuliza nitapangaje viraka vya maua ili kwilti (shuka nzito ya viraka vilivyoungwa) ifanane na picha ya rangi za maji, rangi ziyeyukiane pasiwe na mpaka. Imekaa!

Aliyesema nisahau jina la rangi nitazame mwanga na giza tu, Mungu akuweke. Nilivipiga picha kwa simu nikaiondoa rangi. Nyekundu niliyoidhani inapiga kelele, kumbe giza lake ni sawa na la buluu ya jirani. Zimekaa ubavu kwa ubavu, hazigombani.

Mabaki nimeyapata kwa mafundi cherehani wa mtaa wa Langoni hapa Lamu, mengi ya madera. Maua yaliyotawanyika yenye rangi nyingi ndiyo mazuri. Kiraka chenye kona nyeupe na kona ya giza ni dhahabu, kinaunganisha pande mbili. Pindo la leso nimeliacha, mistari yake inakata mno. Palipohitaji rangi iliyofifia, nimegeuza kitambaa upande wa nyuma.

Ukutani nimetundika blanketi lenye manyoya, viraka vinajishika bila pini. Ila feni lazima izimwe, na joto la Lamu mnalijua.

Viraka nimevikata inchi 2 kila upande, vikishonwa vitabaki inchi 1 na nusu. Sasa nashona safu kwa safu: mishono ya safu moja napiga pasi kuelekea kulia, ya chini yake kushoto, ili viungo vikutane bila uvimbe. Picha ya mpango iko kwenye simu, paka akivivuruga viraka nitavirudisha.