Mahakama isiyo na mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji, mamlaka ya kumweka mtu rumande miaka inayatoa wapi?

Wakuu, hili lisemwe wazi.

Hapa Tanzania mtu akishtakiwa kwa mauaji, kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, kesi yake ni ya Mahakama Kuu. Lakini haanzii huko. Anapelekwa kwanza kwa hakimu, anasomewa shtaka, anaambiwa hatakiwi kujibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi. Kumsikiliza haiwezi, kumrudisha rumande inaweza! Na dhamana hakuna, kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (namba za toleo la 2019) kimeshafunga mlango.

Baada ya hapo ni kutajwa tu. Karandinga linashusha watu, mwendesha mashtaka anasimama, "upelelezi haujakamilika", inapangwa tarehe nyingine wiki mbili mbele, karandinga linarudi gerezani. Wakianza kusema jalada liko kwa DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) msishangilie. Likikutwa na pengo linarudishwa polisi.

Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili kesi zisipelekwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Makosa mazito yakaachwa nje. Yaani anayekaa ndani muda mrefu kuliko wote ndiye aliyenyimwa nafuu!

Upelelezi ukikamilika, hakimu anamsomea mshtakiwa maelezo ya mashahidi na vielelezo, ndipo anamhamishia Mahakama Kuu. Hatua hii ina maana, mtu anajua ushahidi unaomkabili. Ila inafanywa kwa haraka haraka na hapo ndipo kesi zinapofia. Shahidi ambaye maelezo yake hayakusomwa haruhusiwi kuja kutoa ushahidi mpaka itolewe notisi ya maandishi ya kifungu cha 289 cha sheria hiyo hiyo ya mwenendo (toleo la 2019). Ripoti ya uchunguzi wa maiti ikisahaulika siku hiyo, inaweza kupokelewa kwenye kesi halafu Mahakama ya Rufani ikaja kuiondoa kwenye kumbukumbu. Familia ya marehemu imekosa haki, na mshtakiwa miaka yake hairudi.

Uhujumu uchumi ndiyo balaa zaidi. Chini ya Sura 200, yaani sheria ya uhujumu uchumi (namba nazo ni za toleo la 2019), kesi hizi nazo ni za Mahakama Kuu, isipokuwa DPP akitoa karatasi mbili: ridhaa ya kushtaki, kifungu cha 26, na cheti cha kuipa mahakama ya chini mamlaka. Shtaka likiwa la uhujumu peke yake, cheti ni cha 12(3). Likichanganywa na kosa la kawaida, ni 12(4). Ridhaa ikisainiwa na mwanasheria wa mkoani lazima iwe ya 26(2), kwa sababu 26(1) ni ya DPP mwenyewe. Kosea namba moja hapo na mwenendo wote unabatilishwa kwenye rufaa, wakati mtu aliyeshtakiwa uhujumu kwa kukutwa na nyara za serikali, kama meno ya tembo, ameshaanza kutumikia miaka 20. Ofisi yenye wanasheria inashindwaje kukagua karatasi mbili kabla ya kuzipeleka mahakamani?

Kenya walifuta mchakato huu wa kupitia kwa hakimu mwaka 2003. Mshtakiwa wa mauaji anafikishwa Mahakama Kuu moja kwa moja, na tangu Katiba ya 2010 anaweza kuomba dhamana.

Mawakili na waendesha mashtaka mliomo humu, semeni: sisi tunachelewa kwa sababu gani?